Kila Mwaka wa Tano: Historia Fupi ya Tarehe za Uchaguzi Mkuu nchini Kenya na Lugha Inayozibeba

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria na waandishi wa magazeti, yaani namna tarehe ya uchaguzi mkuu inavyowekwa nchini Kenya, na mara ngapi uchaguzi huo hufanyika. Tunadai kwamba jambo hilo linatuhusu pia sisi tunaoshughulika na lugha. Tarehe, kabla haijawa siku ya watu kusimama foleni, huwa ni maneno yaliyoandikwa katika sheria. Na maneno yakisomwa kwa njia mbili, siku nazo huwa mbili.

Tutalitazama jambo hili kutoka Matuu, mji ulioko Yatta, katika Kaunti ya Machakos, kando ya barabara itokayo Thika kwenda Garissa. Mji huu hatukuuchagua kwa sababu ya historia yoyote ya pekee ya uchaguzi. Tumeuchagua kwa kuwa lugha tatu hukutana hapo kila siku: Kikamba nyumbani na shambani, Kiswahili sokoni na katika magari ya abiria, Kiingereza katika ofisi na mahakama. Sheria ya uchaguzi huzaliwa katika lugha hiyo ya tatu, ikapita katika ya pili, ndipo ikamfikia mkulima katika ya kwanza. Katika safari hiyo neno dogo laweza kupotea.

Yafaa tutofautishe tangu mwanzo mambo mawili ambayo katika mazungumzo huchanganywa. Kuna marudio ya uchaguzi, yaani kiasi cha muda kinachopita kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Na kuna siku ya uchaguzi, yaani tarehe yenyewe katika kalenda. Hoja yetu ni kwamba kwa karibu nusu karne baada ya Uhuru, sheria iliweka mpaka wa marudio lakini ikaiacha siku mikononi mwa mtu mmoja. Katiba ya 2010 iliiondoa siku mikononi mwake. Hata hivyo, maneno ya Katiba hiyo kuhusu marudio bado yana tundu, na tundu hilo ni la lugha.

2. Kabla ya Uhuru

Walowezi wa Kizungu walianza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Baada ya hapo walipiga kura mwaka 1924, 1927, 1931, 1934 na 1938. Kisha vita vikachelewesha, wakapiga tena mwaka 1944. Ukitazama miaka hiyo utaona kwamba kawaida yao ilikuwa kila miaka 3 au 4. Katika muda huo wote Mwafrika wa Ukambani hakuwa na tarehe ya uchaguzi wa Baraza hilo, wala ya mapema wala ya kuchelewa.

Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1957. Wajumbe wanane walipatikana, nao ni Oginga Odinga, Tom Mboya, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Bernard Mate, Lawrence Oguda, na James Muimi aliyewakilisha Ukambani. Haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, mali na utumishi, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura mpaka tatu huku jirani yake hana hata moja. Ni miaka hiyohiyo ya 1950 ambapo wafungwa wa vita vya Mau Mau walikuwa wakichimba mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya mto Thika katika mashamba ya sehemu hizo hadi leo. Kwa hiyo, katika nchi hiyo moja na katika miaka hiyo hiyo, wengine walikuwa wakihesabu siku za kura na wengine siku za kifungo.

Baada ya 1957 mambo yalikwenda haraka. Uchaguzi mwingine ulifanyika 1958 kwa viti vilivyoongezwa, kisha Februari 1961, kisha Mei 1963. Hapa marudio hayakufuata kanuni yoyote ya miaka. Yalifuata mwendo wa mazungumzo ya katiba yaliyofanyika London. Tarehe zilikuwa matunda ya mapatano, na zilipangwa na serikali ya kikoloni.

3. Muhula na mwenye kuuvunja

Katiba ya Uhuru ilirithi desturi ya Uingereza. Huko, sheria ya 1716 iliruhusu Bunge kudumu hadi miaka 7, na sheria ya 1911 ikapunguza muda huo kuwa 5. Lakini katika sheria zote mbili miaka ilikuwa ni ukomo tu. Kabla ya kuufikia, Bunge liliweza kuvunjwa wakati wowote. Desturi hiyo ndiyo iliyoingia Kenya: Bunge lidumu miaka 5 tangu kikao chake cha kwanza, isipokuwa Rais amelivunja mapema.

Tuzitazame tarehe zenyewe. Baada ya uchaguzi wa Mei 1963, uchaguzi mkuu uliofuata ulifanyika tarehe 6 Desemba 1969, yaani baada ya zaidi ya miaka 6 na nusu. Sababu ni kwamba mwaka 1966, Baraza la Seneti lilipounganishwa na Baraza la Wawakilishi, uhai wa Bunge uliongezwa pia. Kisha tukawa na 14 Oktoba 1974, 8 Novemba 1979, 26 Septemba 1983 na 21 Machi 1988. Uchaguzi wa 1983 uliitishwa na Rais Moi takriban mwaka mzima kabla ya wakati wake, katika msukosuko uliomkumba Charles Njonjo. Ule wa 1988 nao haukungoja miaka 5 itimie. Msomaji ataona kwamba katika chaguzi hizo tano hakuna miezi miwili inayofanana.

Lugha ya kipindi hicho inalingana na hali hiyo. Vitenzi vilivyotawala ni kuvunja na kuitisha: Rais amelivunja Bunge, Rais ameitisha uchaguzi. Vyote viwili vinadai mtendaji, na mtendaji huyo alikuwa mmoja. Nomino iliyokwenda pamoja navyo ni muhula. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni muda wa hisani anaopewa mtu, kama vile mdaiwa anavyoongezewa siku za kulipa. Mbunge wa miaka ile alikuwa kweli katika muhula kwa maana hiyo ya kale: muda wake ulikuwa wa kupewa, na aliyeutoa aliweza kuukata.

Machakos ilipata mfano wake wa jinsi muda wa kisheria ulivyoweza kukatwa. Paul Ngei, kiongozi mashuhuri wa sehemu hizo, alishinda katika uchaguzi wa 1974, lakini mahakama ikautengua ushindi wake kwa kosa la uchaguzi. Sheria ilikuwa inamzuia kugombea kwa miaka 5. Mwaka 1975 Bunge lilibadili Katiba na kumpa Rais uwezo wa kusamehe kosa la namna hiyo. Ngei akasamehewa, akagombea katika uchaguzi mdogo, akarudi Bungeni. Hatusemi hapa kama ilikuwa haki au la. Tunasema tu kwamba nambari 5, iliyoonekana imara katika maandishi, iligeuka kuwa laini mara ilipohitajika.

Jambo jingine linafaa kutajwa. Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina, kwa kuwa njaa huja bila miadi na haiwezi kukumbukwa kwa hesabu ya miaka pekee. Chaguzi zilizokuja bila miadi nazo zilipata majina. Uchaguzi wa 1966, uliowalazimu wabunge waliohamia KPU kurudi kwa wapiga kura, ulijulikana kama uchaguzi mkuu mdogo. Uchaguzi wa 1988, ambapo watu walijipanga nyuma ya wagombea katika uteuzi, unaitwa wa mlolongo hata na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Chaguzi ambazo watu walizitarajia kwa kawaida hutajwa kwa mwaka wake tu.

4. Mwaka 1992: kupungua na kuzidi

Kurudi kwa vyama vingi kulileta kesi ambayo, kwa maoni yetu, ingefaa kusomeshwa katika kila darasa la tafsiri. Uchaguzi wa kwanza wa kipindi hicho ulikuwa umepangiwa tarehe 7 Desemba 1992. Sheria ilitaja muda wa uteuzi wa wagombea kuwa siku zisizopungua 21. Mwanasheria Mkuu akayarekebisha maneno hayo, yakawa siku zisizozidi 21. Upande wa upinzani ulikwenda Mahakama Kuu, ukashinda, na uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba.

Tuitazame tofauti hiyo kwa jicho la lugha. Nambari haikuguswa, ni 21 katika matini zote mbili. Kilichobadilika ni kitenzi kimoja, -pungua kikawa -zidi. Lakini katika matini ya kwanza nambari 21 ni sakafu, na katika ya pili ni dari. Chama ambacho hakijajitayarisha kinalindwa na sakafu; dari inamsaidia yule aliyekwisha kujitayarisha. Kwa neno hilo moja siku ya taifa zima ilisogea majuma matatu.

Kuanzia hapo Desemba ikawa kama desturi: 29 Desemba 1997, 27 Desemba 2002, 27 Desemba 2007. Marudio yalikuwa ya miaka 5 karibu kamili. Hata hivyo desturi si sheria. Uwezo wa kulivunja Bunge ulibaki kwa Rais, na Rais Moi alijulikana kwa kuihesabu tarehe ya uchaguzi kuwa silaha yake ya siri. Kwa mkulima wa Yatta, Desemba ilikuwa na faida na hasara. Jamaa waliofanya kazi Nairobi walikuwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Lakini mvua za vuli ndizo tegemeo kuu la Ukambani, na mwezi huo shamba lahitaji mikono.

5. Jumanne ya pili ya Agosti

Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, wananchi waliipitisha Katiba mpya katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, nayo ikatangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huo. Ibara ya 101 inaagiza kwamba uchaguzi mkuu wa wabunge ufanyike Jumanne ya pili ya mwezi Agosti katika kila mwaka wa tano. Uchaguzi wa Rais, magavana na mabaraza ya kaunti huangukia siku hiyohiyo, ndiyo maana mpiga kura wa Matuu hupewa karatasi sita. Ibara ya 102 inasema kwamba muda wa Bunge unakwisha siku ya uchaguzi unaofuata. Katika mzunguko huu wa kawaida hakuna tena mtu wa kuitisha wala wa kuvunja. Vitenzi vimegeuka: uchaguzi unafanyika, unafika, unawadia.

Utaratibu wa kutaja siku ya juma badala ya tarehe si mgeni duniani. Marekani iliamua mwaka 1845 kwamba wateule wa kumchagua Rais wachaguliwe Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Majirani zetu wana njia nyingine. Tanzania imefanya uchaguzi mkuu kila miaka 5 tangu 1965 bila kuruka, lakini siku yenyewe hutajwa na Tume. Mwaka 2015 ilikuwa Jumapili, na 2020 Jumatano. Uganda ilipiga kura 1962, na haikuwa na uchaguzi mkuu mwingine hadi Desemba 1980. Mifano hii inathibitisha tofauti tuliyoianza nayo: nchi inaweza kuwa na marudio thabiti bila siku thabiti, na inaweza kukosa yote mawili.

Lakini Jumanne ya pili, ifikapo Matuu, inakutana na Kikamba. Kiswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumanne ni siku ya nne. Kikamba huanza kuhesabu Jumatatu, na Jumanne huitwa Wa kelĩ, yaani ya pili. Basi Jumanne ya pili katika Kikamba ni kama kusema ya pili ya pili, ilhali katika Kiswahili ni ya nne ya pili, na katika Kiingereza hakuna hesabu yoyote ndani ya jina la siku. Mfasiri anayetangaza tarehe hii kwa kipaza sauti hana budi kulijua jambo hili. Asipotaja pia tarehe ya mwezi, msikilizaji aweza kudhani neno moja limerudiwa kwa bahati mbaya.

6. Mwaka wa tano ni upi?

Sasa tufikie tundu tulilolitaja. Uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya haukuangukia Agosti. Masharti ya mpito yaliwaacha wabunge wa 2008 wamalize muda wao. Mahakama Kuu ikaamua Januari 2012 kwamba uchaguzi ufanyike katika siku 60 baada ya muda huo kwisha katikati ya Januari 2013, isipokuwa serikali ya mseto ivunjwe mapema. Tume ikachagua tarehe 4 Machi 2013, na Mahakama ya Rufani ikaridhia. Uchaguzi uliofuata ulikuwa tarehe 8 Agosti 2017, na baada yake tarehe 9 Agosti 2022.

Vitabu na hotuba nyingi husema kwamba Wakenya hupiga kura kila baada ya miaka mitano. Tukiyapokea maneno hayo kama yalivyo, uchaguzi uliofuata wa Machi 2013 haungeweza kuja kabla ya Machi 2018. Lakini Katiba haisemi kila baada ya miaka mitano. Inasema kila mwaka wa tano. Tofauti hii mwalimu yeyote anaijua: mwanafunzi aliye katika mwaka wa tano bado hajamaliza miaka mitano. Mwaka wa tano baada ya 4 Machi 2013 ulianza 4 Machi 2017, na ndani yake mna Jumanne ya pili ya Agosti moja tu, nayo ni 8 Agosti 2017. Hesabu imekubali.

Tujaribu hesabu hiyohiyo tena. Mwaka wa tano kuanzia 8 Agosti 2017 ulianza 8 Agosti 2021 ukaisha 7 Agosti 2022. Jumanne ya pili ya Agosti iliyomo ndani yake ni 10 Agosti 2021! Tarehe 9 Agosti 2022, siku watu walipopiga kura, imekwisha ingia katika mwaka wa sita. Na tukihesabu kwa miaka ya kalenda hatuponi: ili 2013 ifikishe 2017, lazima mwaka wa kuanzia uhesabiwe, ili 2017 ifikishe 2022, lazima usihesabiwe.

Je, kuna hesabu moja inayozikubali tarehe zote? Ipo. Tuanze kuhesabu si siku ya kura, bali siku Bunge jipya lilipokutana kwa mara ya kwanza. Bunge la 11 lilikutana 28 Machi 2013. Mwaka wake wa tano una 8 Agosti 2017. Bunge la 12 lilikutana 31 Agosti 2017. Mwaka wake wa tano una 9 Agosti 2022. Bunge la 13 lilikutana 8 Septemba 2022. Mwaka wake wa tano una 10 Agosti 2027. Hatudai kwamba hivyo ndivyo mahakama zilivyoamua. Tunaonyesha tu kwamba maneno yanasimama yakipewa mwanzo huo, na kwamba mwanzo huo ndio uliokuwa umeandikwa waziwazi katika katiba ya zamani. Katiba mpya ilipomwondoa mwenye kuvunja Bunge, iliondoa pia, pasipo kukusudia labda, neno la kuonyesha hesabu inaanzia wapi.

Pengine msomaji atauliza kama haya si mabishano ya wanazuoni tu. Tunamkumbusha kwamba mwaka 1992 kitenzi kimoja kilitosha. Tunamkumbusha pia kwamba kumekuwa na majaribio ya kuigusa kanuni hii, baadhi yakitaka siku irudishwe Desemba, na mswada wa 2024 ukitaka muda wa viongozi uwe miaka 7, nao ukapingwa vikali na wananchi. Mwenye kutaka kusogeza siku hutafuta kwanza mahali ambapo maneno hayajakaza.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya tarehe za uchaguzi Kenya ni historia ya kuhama kwa mtendaji: kutoka serikali ya kikoloni, hadi kwa Rais, hadi kwa kalenda. Faida ya kalenda ni kubwa. Mama wa Matuu anayetayarisha shamba mwezi Agosti akingojea mvua za Oktoba anaweza kujihesabia mwenyewe siku ya kura miaka mingi kabla, bila kungoja kusikia redioni nia ya mtu. Ni vifungu vichache vya Katiba ambavyo mwananchi anaweza kuvithibitisha bila wakili.

Lakini anaweza kufanya hivyo iwapo tu amepewa maneno sahihi katika lugha anayoisoma. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara ya 259 inasema kwamba matini za lugha mbalimbali zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kwa hiyo kosa la mfasiri wa Kiswahili halitabadilisha tarehe. Litamwacha mwananchi akihesabu vibaya peke yake, huku serikali ikihesabu kwa matini nyingine. Hilo ni jambo zito zaidi kuliko kosa la sarufi.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, vitabu vya shule na vya elimu ya uraia viache kusema kila baada ya miaka mitano, viseme katika kila mwaka wa tano, na vitaje tarehe kamili ijayo, ambayo ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Pili, idara zetu za lugha zikusanye na kulinganisha istilahi za uchaguzi katika Kiswahili na katika lugha kama Kikamba, kuanzia majina ya siku za juma. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yaweza kuanza katika mji wowote ambapo mtangazaji mwenye kipaza sauti anapita akitaja Jumanne ya pili, na wasikilizaji wanahesabu kwa vidole, kila mmoja kwa lugha yake.